Maneno Yetu Uliyompa Mwana wa Mfalme

Mpendwa Baba Kageha,

Mwezi uliopita gari la sinema lilirudi hapa Kabiria, na picha waliyotuletea ni ile ile, ya mwana wa mfalme na msichana muuza kofia. Nilipoona fundi anafunga shuka nyeupe kwenye nguzo, na watoto wanakimbia kushika nafasi mbele, niligeuka nirudi ndani. Nikamwambia mama kwamba mimi siendi, hata wakinibeba siendi. Halafu nikaenda. Unanijua.

Nakuandikia gazetini kwa sababu posta haifiki uliko, na pia kwa sababu nataka wenye picha hizo waisome. Wamezoea kutuonyesha mapenzi ya watu wengine yamepakwa sukari mpaka yananata. Leo wakae chini nao, wasome ya kwetu kidogo. Kidogo tu, maana yote si haki yao.

Unakumbuka tulivyokutana? Mimi nilikuwa yaya wa watoto wa Kizungu kule Kilimani. Kila Jumamosi memsabu alituleta mjini kwa gari lake, akaingia sinema na watoto, na mimi akaniachia sweta zao na chupa ya maziwa. "Nyambura, wewe ngoja hapa nje, hapana ingia." Kana kwamba nilikuwa nimeomba kuingia. Basi tulikaa mayaya wote kwenye ngazi za pembeni, upande wa kichochoro, kwenye baridi. Wewe ulikuwa mfagiaji wa ukumbi na mbeba mikebe ya filamu. Ulikuwa unachungulia ndani kwa mlango wa nyuma, halafu unatoka na ufagio wako kutuambia kinachoendelea.

"Sasa ameangushwa na farasi," ulisema siku ile.

"Nani?" nikauliza.

"Mwana wa mfalme."

"Alikuwa anakwenda kazini?"

Ukaacha kufagia. "Mwana wa mfalme hana kazi, dada."

"Basi na aanguke tena."

Mayaya wenzangu walicheka mpaka mtoto mmoja akaamka. Wewe hukucheka. Ulinitazama tu, ukarudi ndani, na nilidhani nimekuudhi. Jumamosi iliyofuata ulikuja moja kwa moja ukasimama mbele yangu na kuanza, "Leo kuna binti mfalme ametoroka nyumbani, anataka kuishi kama watu wa kawaida." Nikakuambia aje Kilimani, nina nepi za kufua. Tangu siku hiyo picha zote ulinisimulia mimi, wenzangu wakawa wanasikiliza kwa hisani yangu.

Zilikuwa zote moja, Baba Kageha, na wewe ulijua hivyo ingawa ulizipenda. Kijana wa ikulu anakutana na msichana asiye wa ikulu. Mmoja anamwagia mwenzake supu. Wanachukiana mpaka katikati, halafu kuna dansi, halafu mama wa kijana anakataa, halafu mama wa kijana anakubali, halafu kengele za kanisa. Na mwanzoni kabisa, kabla ya lolote, maandishi makubwa: hiki ni kisa cha kweli cha watu walio hai. Hapo ndipo nilipokuwa naona kinyaa hasa. Kama ni uongo, semeni uongo, tutacheka twende nyumbani. Lakini kuchukua mtu na mkewe, watu wanaokoroma na kugombania blanketi, ukawakamua mpaka ikabaki asali tupu, halafu ukasema hao ndio wenyewe. Nani aliwauliza? Na kama waliulizwa wakakubali, basi hiyo ni mbaya zaidi.

Memsabu alikuwa anatoka mle ndani macho mekundu, leso imelowa. Njiani kurudi aliniambia, "Nyambura, ile mapenzi mzuri sana. Yule toto ya mfalme napenda msichana maskini kabisa." Hata alininunulia, pale duka la Mhindi Westlands, mkebe wa biskuti wenye sura za mwana wa mfalme mmoja na mkewe, wa kweli hao. Biskuti walikula watoto, mkebe nikapewa mimi. Na memsabu huyo huyo, Jumapili ulipokuja getini umevaa shati jeupe na koti la kuazima, alikuamuru urudi ulikotoka. "Mimi hapana taka boi ya watu mwingine hapa kwangu." Alikuwa bado na leso ile mkononi, nakuapia.

Kwa hivyo tulitembea. Tulitoka Kilimani mpaka Westlands, tukageuka, tukarudi. Hatukuwa na mahali pa kukaa, na tukisimama tu chini ya mti askari anauliza pasi. Wanaopendana katika picha wana bustani, wana mashua, wana ngazi za mawe za kuketi. Sisi tulikuwa na kando ya barabara, na magari yakipita tulirushiwa vumbi. Mapenzi yetu yalikula soli za viatu vyako mpaka ukaweka kipande cha mpira wa gurudumu.

Jumapili moja ulichelewa sana. Nilikusubiri karibu na maduka ya Westlands nikijifanya natazama vitambaa dirishani, mpaka Mhindi akatoka kuniuliza kama nanunua au nalinda. Ulipofika nilikuwa nimenuna vibaya. Ukaanza kunisimulia picha ya juzi ili nicheke, sikucheka. Ukaniimbia, sikugeuka. Tukatembea hivyo hivyo, mimi mbele wewe nyuma. Halafu nikasikia umesema, bila mzaha wowote:

"Nuna tu, Nyambura. Siku nikikukuta umenuna nyumbani kwangu, nitajua nimefika."

Nilisimama. Askari angekuja angenikuta hapo hapo. Katika picha zako zote, na nguo zao za hariri na muziki wao, hakuna mtu aliyewahi kuambiwa neno kama lile. Nikakujibu. Nilichokujibu unakijua.

Wazee wako walisafiri kwa treni kutoka magharibi, mama yangu akawapokea hapa Kabiria akiwatazama kwa pembeni, maana hakuwahi kufikiri binti yake ataolewa na Mluhya. Baba mdogo wako alipokula githeri yake, mahindi na maharagwe tu, akaomba tena, moyo wa mama ulilegea. Tukafunga harusi ndogo ya kanisa. Hakuna aliyetuandika popote.

Halafu ikaja Hali ya Hatari, serikali ikiwasaka Mau Mau. Sisi Wakikuyu tukatolewa mjini kama takataka. Mimi na Kageha mgongoni tulipakiwa lori tukashushwa huku, kwenye kijiji kilichozungushiwa seng'enge na mtaro, nikarudi kulala kibanda kimoja na mama yangu. Memsabu alilia kidogo nilipochukuliwa. Alilia nani sasa atampikia mtoto uji. Wewe kwa kuwa ni mtu wa magharibi ukaachwa mjini, na kwa ajili ya huo mdomo wako ukapata kazi kwenye gari la sinema la serikali, kusimama na kipaza sauti na kuwageuzia watu Kizungu kiwe Kiswahili.

Kazi ikakuleta huku. Hilo ndilo lililonichefua kuliko yote. Serikali iliamini kinywa chako kiseme na kijiji kizima, lakini ulale kwa mkeo lazima uwe na karatasi yenye muhuri wa bwana D.O., yule ofisa wa wilaya. Karatasi isipokuwepo, unafunga mashine zako unarudi mjini, na mimi nakuaga kwa mkono kama mgeni. Wako waliokuita kibaraka. Mimi niliwasikia, sikuwajibu, kwa sababu unga tuliopika ulitoka kwenye gari lile na sikuona haya kuula.

Sasa nikukumbushe jioni ile ulipotuletea muuza kofia.

Amri ya kutotoka nje ilisogezwa mbele. Watu waliozuiwa kutoka jioni kumtazama mgonjwa wakaruhusiwa, tena wakasukumwa na homugadi, wale walinzi wa serikali, watoke wakatazame harusi ya mwana wa mfalme. Wanaume huku, wanawake kule, watoto mbele kwenye umande. Jenereta likaanza kunguruma. Kwanza ilikuja picha ya kuchimba matuta shambani, watu waliochimba matuta ya lazima kutwa nzima wakatazama wengine wakichimba matuta. Halafu ndiyo ikaja yenyewe, na wewe ukakohoa kwenye kipaza sauti, ukasema, "Mabibi na mabwana, hiki ni kisa cha kweli." Nikajua unanichokoza mimi.

Mama yangu alikuwa pembeni yangu. Mwana wa mfalme alipokwenda mwenyewe dukani kumtafuta yule msichana, mama akauliza kwa sauti, "Huyu hana wazee? Anakwenda kutafuta mke peke yake kama anayeiba kuku?" Ukamsikia. Huwezi kumjibu mkweo mbele ya watu, kwenu ni mwiko hata kumtazama usoni, kwa hivyo ukaingiza katika picha: "Wazee wake wanakuja nyuma, wamechelewa treni." Mama akaridhika.

Halafu yule kijana akaruka ukuta wa bustani kwenda kumwona mpenzi wake. Kwao hilo ni la kuchekesha. Hapa Kabiria watu wote walinyamaza, hata watoto, maana sisi tunajua anayeruka kizuizi jioni anapata nini. Nilisikia mama amevuta pumzi. Na wewe, bila kupoteza hata dakika, ukasema taratibu kwenye kipaza sauti, "Msiogope. Huyu ana pasi."

Sijawahi kusikia kijiji hiki kikicheka namna ile, si kabla wala baada. Hata homugadi waligeuza nyuso zao upande wa giza.

Uliwapeleka hivyo mpaka mwisho. Alipopiga magoti mbele ya msichana, mzee mmoja alianza kuinuka kwa hasira, mwanamume mzima anamwangukia binti. Ukamwahi: "Ameangusha pete, anaitafuta. Ndiyo hiyo. Anampa yule dada amshikie." Walipotaka kubusiana, fundi wako wa mashine alitia kofia yake mbele ya taa kama mlivyopatana, tukakaa gizani tukisikia muziki, na wewe ukatuambia kwamba hapo wanasali. Nakiri hapo nilicheka.

Lakini baada ya kofia kuondolewa, sura ya yule kijana ikajaa shuka nzima. Akafungua mdomo. Na kwenye kipaza sauti cha serikali nikasikia sauti yako:

"Nuna tu, mpenzi. Siku nikikukuta umenuna nyumbani kwangu, nitajua nimefika."

Yule msichana kwenye shuka hakuwa hata amenuna. Alikuwa amekenua meno yote, ya juu na ya chini. Maneno yangu, ya barabara ya Westlands, ya soli ya mpira wa gurudumu, umempa mtu aliyepakwa poda. Wanawake nyuma yangu wakaguna kwa raha. Mmoja akasema, "Hapo amesema." Mama yangu akageuka polepole, akanitazama mimi, halafu akatazama mbele tena. "Huyo anasema kama mtu aliyeoa," akasema. Ningekuwa na mahali pa kukimbilia ningekimbia.

Siku hiyo ulikuwa na muhuri. Ukaja nyumbani, mama akahamia kwa jirani kama ilivyo adabu yenu, na mimi nikakuwekea githeri baridi bila hata chumvi. Ukala yote.

"Umekasirika," ukasema.

"Ulimpa."

"Nilikosa la kusema, Mama Kageha. Yule bwana mwenyewe hasemi kitu. Anasema nakupenda, anarudia nakupenda, halafu muziki unaanza. Watu wamekaa kwenye umande ndani ya seng'enge, niwape hiyo?"

"Ungetunga."

"Sina maneno mengine mazuri. Ni hayo tu niliyo nayo."

Nikakugeuzia mgongo. Nikakuuliza nikiwa nimetazama ukuta, "Na jibu langu je? Nalo utalitoa lini?"

Nikasikia umeweka bakuli chini. "Lako sikulitoa. Yule msichana nilimwacha acheke tu. Lako si la kutoa."

Nikasogea, ukapata nafasi ya kulala.

Basi maneno yako yakaanza kutembea. Nilikwenda bombani nikasikia mwanamke anamtania mumewe, "Usininunie, au ndiyo umefika?" na wote wanacheka. Kijana wa kuuza makaa aliwaambia wasichana watatu kwa siku moja. Ukayapeleka vijiji vingine, ukirudi unaniambia kule Riruta walipiga makofi. Nilikuwa nanuna kweli kweli, na kila nikinuna mtu ananiambia, "Mama Kageha, nuna tu." Niliona maneno yetu yamekuwa kama mkebe ule wa biskuti, kila mtu anatia mkono.

Kisha ikaja mvua kubwa, na gari lenu likateleza huko milimani likalala ubavu bondeni.

Aliyekuja kuniambia ni bwana mmoja Mzungu wa ofisi yenu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, alikuwa mtu mpole. Akasema, "Gari naharibika kidogo. Picha iko salama, hapana haribika hata moja." Nikamwambia vizuri, nikifikiri amekuja kukutafuta. Ndipo akasema, "Lakini bwana yako nakufa. Pole sana, mama." Kwa mpangilio huo. Kwanza gari, halafu picha, halafu wewe. Sidhani alitaka kuniumiza. Hivyo ndivyo vitu vilivyopangwa kichwani mwake, na mpaka leo nikikumbuka natema mate.

Walisema ulikuwa umeikumbatia ile mikebe isilowe. Mwana wa mfalme alitoka mzima mikononi mwako. Siku hiyo nilichukua mkebe wa biskuti, ule wenye sura zao, nikautoa nje uwe wa kulishia kuku. Kuku wamemdonoa pua, na mkewe amebaki na jicho moja.

Miaka yote uliyobeba picha za watu, hukupigwa hata moja. Kipande chako, kile kitambulisho cha serikali, kilikuwa na alama ya kidole tu, nacho walikichukua. Kageha akiniuliza ulikuwa na sura gani namshikia kioo, kwa kuwa paji la uso ni lako. Zaidi ya hapo sikubaki na kitu, ila maneno yale ya barabarani. Ndiyo maana gari liliporudi mwezi uliopita niliogopa. Kuna mtu mwingine ameshika kipaza sauti chako. Akiyasema yale maneno, ameniibia. Akiyaacha, amekuzika mara ya pili. Nilikuwa nimekaa pale kwenye umande, Kageha amelala mapajani, sijui niombe lipi.

Alikuwa bwana mwenye tai, na miwani, anasoma kwenye karatasi kwa Kiswahili safi kama cha mahubiri. Seng'enge upande wa barabara imekwisha kung'olewa, lakini watu walikaa vile vile, wanaume huku, wanawake kule.

"Hapa," akasoma, "mwana wa mfalme anaruka ukuta wa bustani."

Halafu kutoka upande wa wanaume, sauti ya mzee: "Ana pasi."

Kijiji kizima kikacheka. Yule bwana akaangalia karatasi yake, akaangalia watu, akadhani amesoma vibaya. Akaendelea. "Sasa anapiga magoti kumchumbia." Wanawake wakamrekebisha bila kusubiri, "Ameangusha pete." Watoto ambao hawakuwa wamezaliwa ulipoileta mara ya kwanza, au walikuwa wachanga, walilijua hilo pia. Na fundi wako, yule yule, sasa anachechemea mguu wa kushoto, akaweka kofia mbele ya taa bila kuambiwa na mtu. Tukakaa gizani. "Wanasali," mtu akanong'ona nyuma yangu.

Kofia ikaondoka. Ile sura ikajaa shuka, na mdomo ukafunguka, nikafumba macho.

"Mwana wa mfalme anasema," akasoma bwana wa tai, "ninakupenda."

"Sivyo," akasema mtu.

Aliyesema ni mama yangu, Baba Kageha. Mkweo, ambaye hakuwahi hata siku moja kukuita kwa jina lako, wala kukaa nawe chumba kimoja. Alikuwa amenyoosha shingo kumtazama yule bwana kama anamtazama mtoto aliyevunja chungu. Akasema, "Nuna tu." Na wanawake wakaingia naye, halafu wanaume, halafu watoto, si kwa kelele, kama wanavyosema sala ya Baba Yetu kanisani: siku nikikukuta umenuna nyumbani kwangu, nitajua nimefika.

Nilifungua macho. Yule kijana kwenye shuka alikuwa ameshamaliza kusema zamani, anatabasamu tu, haelewi. Na hapo nikaelewa mimi. Nilikuwa nimekununia bure muda wote ule. Uliwapa watu wa Kabiria, yule kijana wa kwenye shuka uliazima mdomo wake tu. Bibi aliyekaa nyuma yangu alijifuta macho akamtajia mwenzake jina lako, "Zablon alikuwa anajua kusema." Hakusema mwana wa mfalme. Hakuna mtu pale aliyefikiri maneno yale ni ya mwana wa mfalme.

Baada ya hapo kulikuwa na kimya. Hicho kimya wewe ndiwe uliyekiacha, kila mara, mahali ambapo msichana anacheka na wewe humtilii neno. Watu wamekizoea, wanakisubiri. Bwana wa tai akakivunja, akasoma, "Naye anasema, nami ninakupenda pia," na mimi nikasikia kinyaa kikinipanda tena, nikamshukuru Mungu, maana nilikuwa karibu kulia.

Basi enyi wenye picha, kama mmefika mpaka hapa, wapakeni wafalme wenu sukari mnavyotaka. Mtatuletea wengine, najua. Tutakaa kwenye umande tuwatazame na tutawarekebisha. Mimi bado nawaona wachafu. Mnawachukua watu wa kweli mnawaacha bila hata kitu kimoja walichoficha.

Na wewe, mume wangu, jibu langu la siku ile ningeweza kuliandika hapa. Mama yangu hajui, Kageha hajui, bombani hawajui. Nimelishika kwenye ulimi tangu jana nikitafuta mahali pa kulitia katika barua hii, na nimeona hapana. Hukulitoa ulipokuwa na kipaza sauti mkononi na kijiji kizima kinasubiri. Mimi ni nani nilitoe gazetini.

Ubaki salama huko. Githeri nimetia chumvi. Nimekaa mlangoni, nimenuna, ili usipotee njia.

Mkeo,
Mama Kageha